Gia za Land Rover Zichaguliwe kwa Mlima, Siyo kwa Lami Peke Yake



Land Rover za zamani za Series III, ambazo kiwanda cha Solihull huko Uingereza kilizitengeneza toka 1971 hadi 1985, bado zinatufanyia kazi katika mashamba ya chai ya upande wa Fort Portal. Nyingine zimekwisha kutoka mikononi mwa makampuni, na vikundi vya wafanyakazi vimechanga fedha vikazinunua. Ndizo zinazobeba mgonjwa usiku, ndizo zinazokwenda msibani, na ndizo zinazoshusha magunia sokoni. Kwa hiyo jambo linalohusu gari la namna hii linahusu jasho la watu wengi, nalo halifai kuamuliwa na mtu mmoja na fundi wake chini ya mwembe.

Jambo lenyewe ni hili. Kila aliyesafiri katika gari hilo toka Fort Portal kupitia Mubende hadi Kampala, karibu kilomita 300, anajua kelele yake. Ukifika kilomita 80 kwa saa injini inalia kama inayoomba msaada. Ndipo mafundi wa mjini wanaposema: toeni difu zenu, tuwafungie za Range Rover, gari litateleza kwenye lami kama gari la waziri. Watu wanachanga tena.

Mimi nasema tusubiri kwanza tupige hesabu.

Difu ya Land Rover hii ina uwiano wa 4.7, yaani shafti inayotoka kwenye giaboksi huzunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja. Kwenye giaboksi ndogo, katika gia za kasi, kuna punguzo jingine la 1.15. Ukiwa na tairi za 7.50 kwa 16, kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika inakupa mwendo wa kilomita 27 hivi kwa saa. Basi ukiwa kilomita 80 injini inazunguka karibu mara 2,950, na ukilazimisha 100 inafika karibu 3,700. Waingereza waliopanga gia hizo hawakuwa wajinga. Walipanga gari la shamba, la kupanda na kuvuta.

Difu ya Range Rover ni 3.54. Ukiifunga, kwa mwendo ule ule wa 80 injini inashuka hadi mizunguko 2,200 hivi. Kelele inapungua, mafuta yanapungua kiasi, na injini inapumua. Hayo ni kweli, wala sitaki kumwita fundi mwongo. Dereva naye ana haki ya kupumzishwa masikio. Viwandani tunadai vizuia masikio kelele inapofika desibeli 85 kwa zamu ya saa 8, lakini dereva wa Land Rover hakuna anayempimia chochote.

Tatizo ni kwamba difu haichagui gia. Inazirefusha zote kwa pamoja, kuanzia ya kwanza hadi ya nne, ya nyuma, na hata zile za nguvu tunazotumia matopeni. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 70 hivi, ile ya dizeli 62. Nguvu hizo ni za usawa wa bahari. Injini isiyo na taboo hupoteza karibu asilimia moja kwa kila mita 100 za kupanda, na sisi tuko kwenye mita 1,500. Ondoa asilimia 15, kisha ondoa uchovu wa miaka arobaini, halafu pakia watu kumi na magunia. Ukifika mlimani gia ya nne haivuti, unarudi ya tatu, ukitoka shambani na mzigo unaunguza klachi. Na klachi nayo ni ya mchango.

Hata hiyo tambarare haina faida kubwa kama tunavyoambiwa. Land Rover ina uso wa kabati. Toka 80 hadi 100, nguvu inayotakiwa kupasua upepo peke yake inakaribia kuwa maradufu, na injini hii haina nguvu hiyo ya akiba. Tuseme tunatoka 80 hadi 90. Katika kilomita 300 tutakuwa tumeokoa dakika 25. Hizo ni dakika za kunywa chai Mubende.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni spidomita. Katika gari hili spidomita inachukua mwendo wake kwenye giaboksi ndogo, kabla ya difu. Ukibadilisha difu haina habari. Itamwonyesha dereva 80 naye yuko 106, na breki zake ni zile zile za ngoma. Mwendo ukitoka 80 kwenda 106, kazi ya breki inaongezeka kwa robo tatu. Waliokaa nyuma kwenye mabenchi hawana mkanda wala hawakuulizwa.

Kwa maoni yangu, kikundi chenye gari la kupanda milima kibaki na 4.7. Kama fedha ipo kweli, kitafute ovadraivu, ile ya Fairey inayofungwa nyuma ya giaboksi. Hiyo inaongeza mwendo kwa asilimia 28 hivi unapoitaka, na mlimani unaiondoa kwa mkono, gia zako za zamani zinarudi. Spidomita haidanganywi nayo. Ni ghali, vipuri vyake ni vya kuagiza, na ina oili yake kidogo ambayo ikisahauliwa inakufa haraka. Basi dereva aiangalie kila mara. Kama fedha haipo, na gari ni ile fupi yenye tairi za 6.00, tairi za 7.50 peke yake zinaongeza kama asilimia 10, ingawa hizo nazo zinaipunja spidomita kwa kiasi hicho hicho.

Difu ya 3.54 namruhusu mwenye gari fupi la petroli linaloishi kwenye lami bila mzigo. Naye abadilishe zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Nalijua gari moja la kikundi ambalo fundi alibadilisha ya nyuma tu ili kupunguza gharama. Mvua ya kwanza dereva alitia gia za tairi nne, shafti ya tairi la nyuma ikakatika, na fundi hakuonekana tena. Wenye gari refu la Series III wajue pia kwamba ekseli yao ya nyuma ni ya Salisbury; difu ya Range Rover haiingii humo, hata muuzaji akiapa.

Breki zitengenezwe kwanza, kabla ya difu kufunguliwa, na spidomita irekebishwe siku hiyo hiyo.

Mkienda kununua, nendeni watu wawili na chaki. Difu ikiwa sakafuni, piga alama kwenye gurudumu kubwa la meno na nyingine kwenye kichwa cha shafti. Zungusha kichwa polepole ukihesabu, mpaka gurudumu kubwa limalize mzunguko mmoja. Ukihesabu mitatu na nusu, ndiyo yenyewe. Ukikaribia mitano, mnauziwa difu kama ile mliyoiacha nyumbani. Hesabuni pia mifereji ya ndani ambamo shafti inaingia: yenu ni kumi, na Range Rover za baadaye zina ishirini na nne. Fedha itoke mfukoni baada ya hapo, na risiti iandikwe jina la kikundi.