Kubomoa Tembe Si Kuboresha Nyumba

Tabora, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, mtu akishika fedha za tumbaku au za asali, au mtoto wake aliyeko Dar es Salaam akimtumia za kutosha, jambo la kwanza analofikiria ni kuangusha nyumba ya udongo na kupandisha ya matofali ya kuchoma. Majirani humpongeza, na aliyebaki kwenye udongo huanza kujiona yuko nyuma. Imani hii imeota mizizi kiasi kwamba hata madodoso ya kupima hali ya makazi huhesabu ukuta wa udongo kuwa dalili ya dhiki na ukuta uliochomwa kuwa dalili ya maendeleo, bila kuuliza kama anayelala ndani anapata usingizi. Imani hiyo ni potofu. Kwa hali ya hewa ya Unyamwezi, yaani eneo hili la Tabora, ukuta mnene wa udongo uliotunzwa ni bora kuliko ukuta mwembamba uliochomwa, na anayetaka kukarabati nyumba kwa faida ya mfuko wake na ya misitu aanze na paa, ukuta auache usimame.

Tuanze na gharama isiyoandikwa kwenye hesabu ya fundi. Tofali haliwi gumu kiasi cha kukataa maji mpaka lipikwe kwa joto kali. Wachomaji wazuri hulenga nyuzi 800 hadi 1,000. Huku kwetu joto hilo hutoka kwenye magogo. Matofali mabichi hupangwa kuwa tanuru, huachiwa midomo miwili au mitatu chini, tanuru zima hukandikwa tope kwa nje, kisha magogo husukumwa midomoni usiku na mchana mpaka moto upande juu. Joto jingi hupotelea hewani, na tanuru likifunguliwa, matofali ya pembeni hutoka hayajaiva, ukiyakwaruza kwa kucha yanamomonyoka. Magogo mengi hutoka kwenye miombo, msitu uleule unaolisha nyuki walioipa Tabora sifa ya asali, na uleule unaokatwa kukaushia tumbaku kwenye mabani ya Urambo, Kaliua na Sikonge. Mkulima wa tumbaku huhimizwa apande miti na ajenge bani linalobana kuni. Mama anayepikia mkaa amewekewa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Mwenye tanuru la matofali hupewa hongera. Kuni zinazoivisha ugali zimekuwa suala la kitaifa. Zinazoivisha ukuta hazina wa kuzihesabu. Na anayedhani bloku za saruji ndizo dawa, ajue kwamba saruji huchangia takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na zaidi ya nusu ya hiyo hutoka ndani ya mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, hata kiwanda kikitumia nishati safi namna gani.

Je, gharama hiyo inanunua nini? Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, mawingu ya msimu wa mvua yakilikinga, na mwanzoni mwa Oktoba, mbingu ikiwa tupu na mvua haijafika. Ndiyo maana Oktoba huunguza. Jua la utosini halipigi ukuta, linapiga paa. Bati lisilo na dari hulipokea joto hilo na kulimwaga vichwani mwa watu papo hapo, na hapo ukuta wa aina yoyote hausaidii kitu. Kazi ya ukuta ni nyingine: kulimeza joto la mchana polepole na kulichelewesha hadi saa ambazo nje kumepoa na madirisha yanaweza kufunguliwa. Kazi hiyo inahitaji unene na uzito. Moto uliopita ndani ya tofali hauongezi chochote cha maana. Ukuta wa udongo wenye sentimita 40 huchelewesha joto kwa saa nyingi. Ukuta wa tofali moja, sentimita 12 hivi, huanza kulipitisha jioni ileile, watu wakiwa wanatandika vitanda. Kwenye mji ambao mchana wa Oktoba hupita nyuzi 30 na usiku hushuka kwa nyuzi 10 na zaidi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama feni itazunguka usiku kucha na umeme wa LUKU utaisha kabla ya siku zake.

Waliojenga zamani kwenye njia ya misafara ya biashara waliishi na joto hilohilo. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wakikaa kwenye matembe: kuta nene za udongo, paa bapa, baraza mbele, ua katikati. Hawa hawakuwa mafukara. Pembe za ndovu zilipita mikononi mwao, na wengi wao asili yao ilikuwa Oman, nchi ambayo ngome yake ya Bahla, iliyojengwa kwa matofali mabichi ya udongo, imo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1987. Udongo ulikuwa chaguo la wenye nacho. Mpinzani atasema tembe la Kwihara, karibu na Tabora, walikokaa wasafiri Stanley na Livingstone mwaka 1872, limesimama hadi leo kwa sababu tu limekarabatiwa. Kweli, na nyumba gani husimama bila kukarabatiwa? Ukuta wa udongo ukiliwa, huzibwa kwa udongo wa uani na mikono ya wenyewe. Wa matofali ukipasuka, huita fundi na mfuko wa saruji. Kichekesho ni kwamba tajiri wa leo anayelicheka tembe hulipa fedha nyingi kujengewa nyumba ya paa la kuficha, yenye kuta zinazopanda juu ya bati mpaka nyumba ionekane bapa. Amelirudia umbo la tembe akaacha unene wake, na juu ya hapo amekosa upenu wa kukinga mvua.

Mvua ndiyo hoja nzito ya upande wa pili: udongo huyeyuka. Lakini maji hushambulia ukuta wa udongo mahali pawili hasa, miguuni na kichwani. Miguuni hutibiwa kwa msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi na mfereji wa kuondoa maji. Kichwani, kwa upenu mpana. Katikati hutosha ripu inayokandikwa upya ikichoka. Anayejenga chumba kipya hana lazima ya kuchoma chochote: Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umekuwa ukieneza matofali ya kufungamana, udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa bila hata kijiti cha kuni. Mchwa nao hula mbao na nyasi kwenye nyumba yoyote. Kwa hiyo boriti za tembe kuukuu zikiondolewa likapandishwa bati, ni sawa kabisa, na maji ya bati yakikingwa ni faida juu ya faida. Ugomvi wangu hauko kwa bati. Uko kwa bati lililoachwa tupu, na kwa ukuta mzuri uliobomolewa ili kulifuata.

Hoja ya pili ni ya afya, na haistahili kudharauliwa. Homa ya papasi iliwatesa wasafiri wa njia ya misafara, na daktari Mjerumani Robert Koch alipoichunguza mwaka 1905 aliwakuta papasi kwenye vituo vya misafara. Papasi hujificha kwenye nyufa na kwenye vumbi la sakafu. Dawa yao ni sakafu ngumu na ripu laini, vitu viwili vinavyokaa juu ya ukuta wa udongo bila shida. Nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo mwenyewe aliishiwa fedha kabla ya ripu, nazo zimejaa kote mkoani, ina mianya ya kutosha kuwapa papasi makazi. Mbu naye hupita kwenye upenyo ulio kati ya ukuta na paa; tofali halimzuii. Upenyo huo ukizibwa kwa ukuta mtupu chini ya bati, chumba hugeuka tanuru, ndiyo maana uzibwe kwa wavu na dari iwekwe.

Wapo watakaosema hewa ukaa ni deni la matajiri wa Ulaya na Marekani, Mnyamwezi asibebeshwe. Nakubali, na ndiyo maana hoja yangu haikuanzia kwenye dhamiri ya dunia. Imeanzia kwenye usingizi wa mwenye nyumba, umeme wake na mizinga yake.

Basi fedha zitumike kwa mpangilio. Kwanza dari, na matundu yenye wavu ya kutolea joto lililonasa juu yake. Pili upenu, mfereji na ripu. Tatu madirisha, yasiwe ya alminiamu ya kusukuma, maana kioo kimoja hulala nyuma ya kingine na dirisha zima hufunguka nusu. La mbao la kufungua lote huingiza upepo maradufu kwa ukubwa uleule. Nne, mwembe ulio upande wa machweo usikatwe ili kupisha vigae vya uani, kwa kuwa jua la alasiri hupiga ukuta huo moja kwa moja. Halmashauri zianze kuyahesabu matanuru kama zinavyohesabu mabani, na madodoso yaulize habari za dari, nyufa na upepo kabla ya kuuliza rangi ya ukuta. Mwenye fedha zilizobaki baada ya hayo yote, na abomoe akipenda. Wengi hawatakuwa na sababu tena.