Gesi ya kiyoyozi isiachiwe hewani

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni nilipeleka gari gereji kwa kuwa kiyoyozi hakikutoa baridi. Fundi alifungua valvu, gesi yote iliyobaki ikatoka fyuu, akajaza nyingine bila kutafuta panapovuja. Wiki tatu baadaye joto likawa lile lile, na fedha zangu zimekwenda!

Gesi hiyo, R-134a, haiharibu tabaka la ozoni kama R-12 ya zamani, lakini kilo moja hupasha dunia joto kuliko kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za jamii hiyo.

Mashine za kuinyonya na kuihifadhi zipo. Wahusika wapite magereji waulize iko wapi, hata kama mafundi watano watachangia moja.

Dereva,
Temeke, Dar es Salaam.