Tusiwavunje moyo vijana wanaoanza kazi

 Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumza na wazazi wenzetu juu ya jambo linalotendeka ndani ya nyumba zetu, nalo ni namna tunavyowatazama watoto wetu wanapopata ajira ya kwanza.

Tumchukue kijana aliyehitimu ualimu, akakaa nyumbani miaka kadhaa akituma maombi bila kujibiwa. Hatimaye anapangiwa Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji. Nyumbani inasomwa dua na wanawake wanapiga vigelegele. Yeye anavuka Daraja la Mkapa, anafika Nyamwage, anaiacha barabara ya Lindi na kuelekea Utete. Hana ndugu huko, hana kitanda, na mshahara haujaingia. Mbele yake upo mwaka mzima wa majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini. Ikiwa alisomeshwa kwa fedha za Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi.

Hapo ndipo simu zinapoanza. Mama anauliza bati zitanunuliwa lini. Mjomba anakumbusha ada. Mwingine anamweleza kuwa fulani, waliyesoma pamoja, amekwisha nunua pikipiki. Hapana amwulizaye amelala wapi, wala wanafunzi wake wanamwelewaje. Kijana hujiona ameshindwa kabla hajaanza. Wako wanaoangukia mikopo ya riba, ile iitwayo kausha damu, ili tu wasionekane wabaya kwa wazazi. Wako wanaobaki kazini kwa kinyongo, na hasara ikawafika watoto wa Rufiji wanaowafundisha.

Ndugu zetu katika imani, tuirejee Suratul Qasas. Nabii Musa (A.S.) aliingia Madyan akiwa mgeni na mkimbizi, hajui kesho yake. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuwanyweshea mifugo wasichana wawili waliokuwa wakingoja wachungaji waondoke kisimani. Kisha akakaa kivulini, akamweleza Mola wake kuwa yeye ni mhitaji wa kheri yoyote. Mzee aliyempa kazi alipatana naye miaka minane, na kama angetimiza kumi, hiyo ingekuwa hiari yake. Lakini mzee huyo alimhakikishia pia kwamba hataki kumtaabisha. Je, sisi tumewahi kuwaambia hivyo watoto wetu?

Hata wenyeji wa bonde la Rufiji wana la kutufunza. Mto ukifurika hulichukua shamba, kama ilivyokuwa Aprili 2024. Maji yanapopungua, mkulima huteremka na kupanda mahindi na kunde katika udongo ulioachwa na unyevu. Kilimo hicho huitwa mlau. Mkulima hajui mto utashuka siku gani, lakini mbegu yake huiweka tayari, wala hamlaumu mwanawe kwa sababu ya mafuriko.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi: mwaka wa kwanza msimpangie kijana kiwango cha kutuma. Mwenye uwezo amtumie yeye, japo unga na mafuta. Mpigieni simu kumuulizia kazi yake, si mshahara peke yake.

Nanyi vijana, waelezeni wazazi ukweli wa kipato chenu, kwani ukimya huzaa dhana mbaya. Mwalimu mkongwe shuleni mfanyeni mzazi wenu. Swalini jamaa na wenyeji, mtaacha kuwa wageni. Subira nayo si kunyamaza: malipo yakichelewa, fuatilieni kwa mwajiri kwa adabu na kwa maandishi. Mengine hamna uwezo nayo, ila somo la kesho asubuhi li mikononi mwenu. Liandaeni vizuri.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awathibitishe vijana wetu katika kheri, na atujaalie sisi wazazi tuwe kivuli chao, tusiwe mzigo juu ya mzigo.