Mgeni na Mwenyeji Wajuane

Enyi ndugu Waislamu, na khasa nyinyi vijana! Twajua katika Suratul Hujurat, aya ya 13, ya kuwa Mwenyezi Mungu ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Sikilizeni basi yaliyotokea Marekani, mpate mazingatio.

Katika mji mdogo wa Siler City, jimbo la North Carolina, viwanda vya kuchinja kuku vilihitaji wafanyakazi, wakaja watu wa Meksiko na Guatemala. Mwaka 1990 walikuwa wachache mno. Ilipofika 2000 walikaribia 40 katika kila watu 100. Wenyeji wakaingiwa na khofu. Mwaka 1999 mwenyekiti wa baraza la wilaya, Bwana Rick Givens, aliiandikia serikali kutaka wasio na vibali waondolewe. Februari 2000 David Duke, aliyepata kuwa kiongozi wa Ku Klux Klan, alikuja kuhutubia dhidi yao.

Lakini Bwana Givens alisafiri hata Meksiko, akauona kwa macho yake ufukara uliowatoa watu makwao. Aliporejea alikiri kuwa alikosea.

Nasi tunao mfano wa Madina. Saad bin Rabii, Ansari, alitaka kumpa Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Je, jirani yako mgeni wamjua jina? Umekwisha kumwonyesha soko?

Wabillahi tawfiq.