Maji ya bwawa jipya yakichafuka, msikimbilie kuyamwaga

Bwawa jipya la samaki likishajaa maji, nyumba nzima hufurahi kwa siku chache. Watoto hawabanduki ukingoni, majirani wanapita kuangalia, na baba ameshaanza kuhesabu kilo za sato atakazouza. Wiki ya pili maji yanabadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja anataka maji yote yamwagwe, mwingine anamlaumu fundi aliyechimba, na mtoto ameshatumwa dukani akanunue shabu.

Kwa familia ya Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, hilo si jambo dogo. Vifaranga vya samaki huenda vimesafirishwa kutoka mbali, na vituo vya Serikali vinavyojulikana kwa kuvizalisha, kama Ruhila mjini Songea na Kingolwira mkoani Morogoro, haviko jirani. Fedha iliyotumika ni ile ambayo ingenunua mbolea ya mahindi au sare za shule. Uamuzi wa haraka unaweza kuua samaki wote kwa siku moja.

Na uamuzi mbaya kuliko yote ni huo wa kumwaga. Udongo wa bwawa ni ule ule, kwa hiyo maji mapya nayo yatachafuka, na vifaranga vitakuwa vimeteseka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto na hali ya maji. Kwanza ijulikane ni uchafu gani. Chota maji kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, iweke mahali ambapo haitatikiswa, uitazame kesho yake asubuhi. Tope la kawaida litakuwa limelala chini. Yakibaki na rangi ya kahawia hata baada ya siku mbili tatu, huo ni udongo wa mfinyanzi. Yakiwa meupe au ya kijivu na yana harufu, chanzo ni chakula. Yakiwa ya kijani, pengine hakuna ugonjwa wowote.

Tope ndilo linalosumbua wengi, hasa mvua zinapoanza Novemba na maji ya shambani kuporomokea bwawani. Hapa dawa ni jembe. Chimba mfereji wa kuchepusha maji ya mvua upande wa juu, panda ukoka kwenye kingo zilizo wazi, na zuia ng'ombe wasishuke kunywa humo. Bata nao wana sehemu yao katika lawama. Lakini mkosaji mwingine yuko ndani ya maji. Sato dume huchimba viota chini ya bwawa wakati wa kuzaliana, na kambale hufukua tope akitafuta chakula. Tope la namna hiyo halina dawa, na halina haja ya dawa.

Mfinyanzi ni mkaidi zaidi. Chembe zake ni ndogo mno na husukumana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana hazizami. Kalsiamu iliyomo kwenye chokaa huzisaidia kushikana, zikawa nzito na kuzama. Bwawa la mita 10 kwa 10 huwekewa kilo 10 hadi 20 za chokaa ya kilimo, iliyokorogwa kwenye maji na kumwagwa kila upande. Jaribu kwanza kwenye ndoo moja ya maji ya bwawa. Na iwe kweli chokaa ya kilimo. Chokaa ya kupaka ukutani ni kali na inaweza kuua samaki.

Shabu ibaki kwenye mtungi. Ni kweli hutuliza maji ya nyumbani, lakini huyaongezea asidi, na bwawa lenye maji laini linaweza kugeuka vibaya kwa muda mfupi. Unga wa mbegu za mlonge nao ukizidi ni sumu kwa samaki.

Weupe wa maji mara nyingi hutokana na upendo. Kila mtoto anayepita anarusha konzi ya pumba, mama naye anamalizia ugali uliobaki. Samaki wadogo hawawezi kuvila vyote. Mabaki yanaoza, bakteria wanaongezeka kwa wingi, maji yanakuwa kama ya kuoshea mchele. Hata wanaofuga samaki wa baharini kwenye matangi ya kioo mijini huliona wingu hilo hilo tangi likiwa jipya, ingawa maji yao ni ya chumvi na vifaa vyao ni vya bei kubwa. Sababu ni kwamba bakteria wazuri, wanaobadilisha sumu ya amonia inayotoka kwenye kinyesi na mabaki, huhitaji kama wiki nne hadi sita kujijenga. Acheni kulisha siku mbili au tatu, toeni mabaki, na badilisheni robo ya maji tu. Baada ya hapo alishe mtu mmoja, asubuhi na alasiri, kiasi kinachoisha ndani ya robo saa. Kumteua mtu huyo ni kazi ya wazazi, na wasimpe anayejisahau.

Wenye bwawa la saruji wana jambo la ziada. Saruji mpya hufanya maji yawe makali, kwa hiyo lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla samaki hawajaingia. Huo ndio wakati pekee ambapo kumwaga maji yote ni busara.

Kijani ni chakula cha sato, vijimea vidogo vilivyokua kwa jua na samadi. Kipimo chake hakina gharama: ingiza mkono ukiwa umenyooka mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikianza kupotea machoni maji yakiwa karibu na kiwiko, kijani kimetosha. Kikipotea mapema zaidi, samadi isimamishwe. Vijimea hivyo hutoa hewa mchana, lakini usiku huivuta, na vikizidi samaki hukosa hewa alfajiri. Ndiyo maana anayelisha aamke mapema mara moja moja akaangalie. Samaki wakiwa juu wanahemea midomo wazi, siku hiyo wasipewe chakula, na maji safi yaongezwe, yakimwagwa kutoka juu ili yabebe hewa.

Kuhusu watoto, maji yenye tope yana hatari nyingine: aliyetumbukia haonekani. Uzio wa matete ujengwe kabla vifaranga havijaletwa.