KUFUFUA KOMPYUTA KONGWE: NI UPUUZI AU NI AMANA?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote.

Ndugu yangu, dada yangu katika imani,

Nimeulizwa na mama mmoja wa hapa Nakwa kuhusu mwanawe. Kijana ananunua kompyuta mbovu kwa watu wa vyuma chakavu, zile zenye kioo cha chogo. Anazifungua, anazisafisha kwa brashi, anachomea waya upya mpaka ziwake. Zikishawaka hauzi, anazipanga chumbani. Mama anasema: "Shekhe, huyu mtoto kapatwa na nini? Dini inasemaje?"

Najibu hapa ili wengi tufaidike. Kazi hii ikifanywa kwa masharti yake si wazimu. Ni kuhifadhi amana, na sisi Waislamu tunaihitaji kuliko tunavyodhani.

Kwanza ujue kijana huyo hayuko peke yake. Ulaya, Marekani na Japani wako watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanaokusanya kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980. Wanatafuta Commodore 64 ya Marekani na ZX Spectrum ya Uingereza, zote mbili zilitoka mwaka 1982. Hiyo Commodore iliitwa 64 kwa sababu kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 64. Picha moja tu uliyopiga kwa simu yako leo haiingii humo! Na programu zake nyingi zilipakiwa kutoka kwenye kaseti, kama kaseti za mawaidha tulizokuwa tukisikiliza zamani. Watu hawa wanabadilisha kapasita zilizovuja, wanatoa betri kabla maji yake hayajala bodi, na plastiki iliyogeuka njano wanaipaka dawa na kuianika juani mpaka irudie weupe wake.

Kwetu kompyuta hizo ni adimu, na sababu ipo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, na katazo hilo likakaa miaka mingi. Wenzetu wa nje walipokuwa wanaweka kompyuta sebuleni, sisi wa bara hata televisheni yetu wenyewe hatukuwa nayo mpaka mwaka 1994. Nyingi tunazoziona leo zilikuja baadaye, tena kwa njia ya mitumba. Ndiyo maana kongwe ya kijana wa Babati si kongwe ya mtu wa London.

Sasa utasema: Shekhe, kitu kimekufa, kina faida gani?

Sikiliza. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwenye mzoga wa mbuzi aliyekuwa amepewa sadaka mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maymuna (r.a.). Akawauliza kwa nini hawakuchukua ngozi yake wakaitia dawa na kunufaika nayo. Wakamwambia huyo ni mzoga. Akawafahamisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Sisi watu wa Manyara ni wafugaji, tunaijua ngozi. Mnyama amekufa, lakini manufaa yake hayajafa. Naye Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake na kutia kiraka nguo yake kwa mkono wake. Kiumbe bora kuliko wote hakuona aibu kutengeneza kilichochakaa. Wewe unayemcheka fundi unafuata mwendo wa nani?

Na kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka 1982 huko Kuwait, Mohammed Al-Sharekh alianzisha kampuni iliyotoa kompyuta za nyumbani zilizoitwa Sakhr. Mashine zilitengenezwa Japani, lakini ziliandika Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Kampuni hiyo ikaingiza Qur'ani Tukufu katika kompyuta, kisha vitabu tisa vya hadithi. Leo unatafuta aya kwenye simu kwa sekunde mbili na huulizi nani alianza. Mwaka 2021 mzee huyo alipewa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu, na mwaka 2024 akafariki. Allah amrehemu.

Sasa jiulize: mashine zile za mwanzo ziko wapi? Zilizobaki zimebaki kwa sababu kuna watu kama huyu kijana wa Nakwa, waliokataa kuzitupa. Nanyi ndugu zetu mnaotufuatilia kutoka Maskati na Dubai, tazameni stoo za wazee wenu kabla hamjaita gari la taka. Huenda kipande cha historia ya umma huu kimelala humo chini ya mazulia.

Tukumbuke pia Qur'ani yenyewe ilivyokusanywa. Baada ya vita vya Yamama, ambako waliuawa mahafidhi wengi, Abubakar (r.a.) alimwamuru Zaid bin Thabit (r.a.) aikusanye. Akaitafuta katika makuti, katika mawe na katika vifua vya watu. Hakudharau kipande kwa kuwa ni kikuukuu.

Nikupe mfano wa karibu. Upo msikiti mmoja, sitautaja, ambao orodha ya mali zake za wakfu na majina ya mashahidi yalichapwa kwenye kompyuta ya ofisi. Kompyuta ikafa. Kamati ikaiuza kwa kilo, pamoja na mabati. Leo kuna mgogoro wa kiwanja na waliotoa wakfu wameshatangulia mbele ya haki. Fundi mmoja mwenye subira angeweza kuitoa ile diski na kuisoma. Wakfu wa Waislamu umepimwa kwenye mizani ya chuma chakavu! Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Lakini nilisema kwa masharti yake. Wewe kijana unayeipenda kazi hii, yashike haya manne:

1. NIA. Soma Surat At-Takathur. Ukikusanya ili useme unazo nyingi kuliko fulani, umeingia mle mle. Moja inayofanya kazi na kufundishia watoto wa madrasa ni bora kuliko kumi zinazokula vumbi.

2. HAKI ZA WATU. Posho ya nyumbani, ada ya mtoto na deni la watu vinatangulia. Ukinunua mashine huku mkeo anakopa unga dukani, hiyo si hifadhi, ni dhuluma.

3. SIRI. Ndani ya kompyuta ya mtumba utakuta picha na barua za wasiokujua. Allah (s.w.) amekataza kupeleleza, Surat Al-Hujurat aya ya 12. Usifungue wala usisambaze. Nyaraka za mtu mrudishie ukimjua, mengine yafute.

4. USALAMA. Kioo cha chogo kinaweza kuhifadhi umeme wa hatari hata kikiwa kimechomolewa. Jifunze kwa fundi kabla hujagusa. Na usichome nyaya ili upate shaba, moshi ule ni sumu kwako na kwa jirani, na Uislamu umekataza kudhuru na kudhuriana.

Nanyi viongozi wa misikiti na madrasa: kabla hamjauza kompyuta yoyote, mwiteni fundi atoe diski na kunakili kilichomo, na nakala ziwe mbili, sehemu mbili tofauti. Kaseti za mawaidha na flopi msiziache zioze kabatini. Ukungu haumjui shekhe wala mwanafunzi.

Na wewe mama uliyeuliza: kama mwanao anaswali, hadaiwi, na hakunyimi haki yako, mwache. Mpe na kona yenye dirisha apate hewa. Kijana anayekesha akifufua kilichotupwa ni bora kuliko anayekesha akiharibu kilicho kizima.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa watunzaji wa neema zake, atuhifadhie elimu yetu na wakfu zetu, na awaongoze vijana wetu katika kila lenye manufaa. Aamiin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako, hasa aliye kwenye kamati ya msikiti.