AJALI INA KINGA

Wanafunzi wenzangu, watu husema ajali haina kinga. Mimi napinga! Shule zikifungwa, wengi hupanda matatu hapa Kithyoko kuelekea Matuu au Mwingi. Hutazama rangi na kusikiliza muziki; matairi hawana habari nayo. Tairi lenye upepo haba hujikunja, likapata joto, likapasuka ghafla kwenye lami hii ya Garissa. Lenye kipara huteleza mvua ikinyesha. Dereva apime upepo asubuhi matairi yakiwa baridi. Yatadumu naye ataokoa pesa. Nasi tuyakague. Tarakimu nne ubavuni, kwa mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona kipara, ngojea gari jingine. Kawia ufike!